Kobe Aliyefumba Macho: Uvimbe wa Macho na Ukosefu wa Hamu ya Kula Miongoni mwa Kobe Wafugwao Kitale na Bungoma

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Aghalabu methali hii huelekezwa kwa binadamu anayeona haya kumwambia tabibu kinachomsumbua. Hata hivyo, yupo mnyama ambaye huficha maradhi si kwa haya bali kwa maumbile yake. Huyo ni kobe. Halii, hachechemei kwa namna inayoonekana upesi, wala hakohoi, kwa kuwa hana kiwambo cha kumwezesha kukohoa kwa nguvu kama afanyavyo mbuzi au mtoto. Anapougua, huingiza kichwa ndani ya gamba na kutulia. Mwenye boma hupita asubuhi na jioni akidhani mnyama wake amepumzika, kumbe mnyama anakufa polepole.

Dalili mbili ndizo humtoa kobe katika usiri huo: macho yaliyovimba na kufumba, na kukataa chakula. Makala hii inanuia kueleza dalili hizo hutokana na nini, kwa nini huandamana, na ni hatua zipi zinazofaa kuchukuliwa na wakazi wa Kitale na Bungoma. Aidha, itabainisha kwamba kobe wengi hudhuriwa na dawa aliyopewa kwa nia njema, na kwamba nyuma ya dhara hilo kuna suala la lugha linalowahusu moja kwa moja wasomi wa Kiswahili.

Kobe wa ngano na kobe wa uani

Katika fasihi simulizi ya Kiafrika, kobe amepewa sifa za subira, hila na maisha marefu. Humshinda sungura mbio, huwahadaa wanyama wenye nguvu, na katika vitendawili ndiye mwenye nyumba asiyehitaji fundi. Sifa hizi zina msingi katika maumbile. Kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu, karibu na mji wa Zanzibar, ambao asili yao ni kobe wanne walioletwa kutoka Ushelisheli mwaka 1919, ni ushahidi kwamba mnyama huyu anaweza kuishi miaka mingi kuliko anayemtunza. Huko Mombasa, kobe aitwaye Mzee alijulikana ulimwenguni kote baada ya kiboko yatima aliyeitwa Owen kumfanya mlezi wake, kufuatia tsunami ya Desemba 2004.

Lakini sifa za ngano zina hatari yake. Anayeamini kwamba kobe havunjiki, haumwi na hahitaji chochote, humweka katika kona ya ua na kumtupia mabaki ya ugali. Kobe wa ngano anaweza kuishi kwa hila. Kobe wa uani huishi kwa joto, nyasi, maji na jua. Akikosa kimojawapo, gamba lenyewe halimfai kitu.

Uhusiano wa jicho na tumbo

Kwa nini macho yaliyovimba na ukosefu wa hamu ya kula huandamana? Jibu la kwanza ni rahisi: kobe hukitafuta chakula kwa kuona na kunusa. Asiyeona, na ambaye pua yake imezibwa na kamasi, hajui kwamba mbele yake pana mboga. Jibu la pili ni la ndani zaidi, nalo linahusu vitamini A.

Vitamini hii ndiyo huziwezesha seli zinazotanda ndani ya tezi za machozi, njia za hewa na figo kubaki laini na zenye unyevu. Inapopungua mwilini, seli hizo hugeuka ngumu, hukauka na kubanduka kama magamba madogo. Mabaki hayo huziba mirija ya tezi zilizo nyuma ya kope. Tezi hufura, kope huvimba, na usaha hujikusanya chini yake. Ikumbukwe kwamba usaha wa kobe haumiminiki kama wa ng'ombe. Huwa mgumu na mweupe mithili ya jibini. Ndiyo maana haumwagiki wenyewe. Kobe akishafumba macho haoni, asipoona hali, asipokula hapati vitamini, na asipopata vitamini macho huzidi kufumba. Hilo ni duara lisiloweza kukatika bila msaada wa binadamu.

Wakazi wa magharibi mwa Kenya si wageni wa jambo hili. Upungufu wa vitamini A huwaletea watoto wa binadamu upofu wa usiku na ukavu wa macho. Kuanzia mwaka 2010, mradi ulioitwa Mama SASHA uliwahimiza akina mama wajawazito wa Bungoma na Busia kulima na kula viazi vitamu vya rangi ya chungwa, ambavyo vina karotini nyingi, kiini ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Kanuni iyo hiyo ya lishe humhusu kobe.

Hata hivyo, ni kosa kudhani kwamba kila jicho lililovimba ni upungufu wa vitamini. Tatizo hilo huwapata zaidi kobe wa maji baridi wanaolishwa nyama tupu. Kobe wa nchi kavu anayekula nyasi na majani mabichi kila siku hupata karotini ya kutosha, na ini lake huhifadhi akiba ya miezi kadhaa. Kwake yeye, macho yaliyovimba huenda yakatokana na maambukizi ya njia za hewa yanayoletwa na bakteria, mikoplazima au virusi. Katika hali hiyo kamasi hutoka puani, mapovu huonekana, na mnyama hupumua akiwa amefungua kinywa. Sababu nyingine ni vumbi, punje ya mchanga au kipande cha nyasi kavu chini ya kope, moshi wa jikoni, jeraha, na kupungukiwa na maji mwilini, ambako huyafanya macho yazame badala ya kuvimba.

Itambuliwe pia kwamba kobe hana mrija wa kupitisha machozi kutoka jichoni hadi puani kama alio nao binadamu. Machozi yake humwagika usoni. Kwa hiyo jicho lenye unyevu, lililo wazi na maangavu, si jicho gonjwa.

Baridi ya Kitale, joto la Bungoma

Kobe ni mnyama wa damu baridi. Hatengenezi joto lake mwenyewe bali huliazima kutoka kwa jua na ardhi. Joto hilo ndilo huendesha usagaji wa chakula, nguvu za kinga mwilini, na hata ufanyaji kazi wa dawa. Kobe wa madoadoa, ambaye wanasayansi humwita Stigmochelys pardalis na ambaye ndiye hufugwa zaidi, huhitaji mahali penye nyuzi 28 hadi 32 za Selsiasi wakati wa mchana ili ale na kusaga chakula chake barabara.

Hapa ndipo jiografia inapoingia katika tiba. Mji wa Kitale uko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Bungoma uko karibu mita 1,400. Tofauti hiyo ya mita 500 hupunguza joto kwa nyuzi tatu hivi. Isitoshe, mvua za Trans Nzoia huendelea kwa miezi mingi, na mwezi Julai wingu huweza kutanda mchana kutwa. Kobe aliyezoea ua wenye jua huko Bungoma akihamishiwa Kitale na kuwekwa juu ya sakafu ya saruji, anaweza kuacha kula katika muda wa siku chache bila kuwa na ugonjwa wowote. Tatizo lake ni baridi. Lakini baridi hiyo ikiendelea, kinga hudhoofika, na maambukizi ya njia za hewa hufuata. Hapo ndipo macho huvimba. Kilichoanza kama suala la makao huishia kuwa ugonjwa.

Wapo wanaosema kwamba kobe asiyekula wakati wa baridi amelala usingizi mrefu wa msimu. Maelezo hayo yanawahusu kobe wa nchi zenye theluji. Kobe wa madoadoa hana desturi ya kulala hivyo. Anapofumba macho na kuacha kula mwezi Julai huko Kitale, haoti ndoto, anaugua.

Hatua za kumhudumia

Mfugaji anapokuta kobe amefumba macho na hali, hatua zifuatazo zinaweza kuchukuliwa nyumbani huku msaada wa daktari wa mifugo ukitafutwa.

Kwanza, apashwe joto. Awekwe ndani ya sanduku kavu mahali pasipo na upepo, lenye chanzo cha joto upande mmoja ili aweze kusogea mwenyewe anapozidiwa. Mchana aanikwe juani penye sehemu ya kivuli. Jua la moja kwa moja halina mbadala hapa, kwa kuwa mionzi ya urujuanimno inayouwezesha mwili kutengeneza vitamini D, na hivyo kuimarisha gamba, huzuiwa na kioo cha dirisha. Miji hii miwili iko karibu sana na ikweta, na mionzi hiyo ni ya bure.

Pili, apewe maji. Awekwe ndani ya karai lenye maji ya uvuguvugu yasiyopita kidevu chake kwa dakika 15 hadi 20 kila siku, huku akiangaliwa. Kobe hunywa anapooga, na mara nyingi hujisaidia humo humo, jambo linaloonyesha kwamba figo na matumbo yanafanya kazi.

Tatu, macho yasafishwe. Maji yachemshwe na kuachwa yapoe, kisha gramu 9 za chumvi ziyeyushwe katika lita moja. Pamba safi ichovywe humo na kupitishwa taratibu juu ya kope mara mbili au tatu kwa siku. Kope zisifunguliwe kwa nguvu, na usaha mgumu usichokolewe kwa kijiti au ukucha. Kioo cha jicho kikikwaruzwa, upofu wa muda huwa wa kudumu.

Nne, chakula kije mwishoni. Huu ni utaratibu ambao wengi huupindua. Kumlazimisha kobe aliyepoa na kukaukiwa na maji ameze chakula ni kukitia chakula kioze tumboni, au kipite njia ya mapafu. Kwanza joto, kisha maji, ndipo chakula. Macho yakianza kufunguka, aandaliwe vitu vyenye harufu na rangi ya kuvutia: majani ya maboga, maua ya maboga, karoti iliyoparwa, kipande kidogo cha boga lililoiva.

Akishapona, lishe yake irekebishwe. Sehemu kubwa ya chakula cha kobe wa madoadoa iwe nyasi mbalimbali, zikiongezewa majani ya kunde, ya viazi vitamu na magugu ya shambani yasiyonyunyiziwa dawa. Sukuma wiki na mchicha vifae kama nyongeza tu, si mlo wa kila siku. Ugali, mkate, maziwa, nyama na parachichi viepukwe, na matunda matamu yatolewe kwa nadra kwa sababu huchacha tumboni na kuharisha. Kobe wa maji, kwa upande wake, asilishwe minofu pekee. Samaki wadogo wazima kama omena wasiotiwa chumvi ni bora zaidi, kwa kuwa ini lao lina vitamini A.

Daktari aonwe bila kuchelewa endapo mnyama anapumua kwa kinywa, ana usaha, ana vidonda kinywani, miguu yake imelegea, au macho hayajafunguka baada ya siku tatu za huduma. Kadhalika, kobe jike anayehangaika na kuchimba bila kutaga, huku akikataa chakula, huenda amekwamwa na mayai. Huyo haponi kwa karoti wala maji ya chumvi.

Dawa inayoua

Kitale ni kitovu cha kilimo na ufugaji wa ng'ombe wa maziwa, na maduka ya dawa za mifugo yamejaa. Mfugaji anayeona kobe amekonda na hali huweza kufikiri, kama afikirivyo kuhusu ndama, kwamba ana minyoo. Huenda asiwe amekosea, maana kobe pia huwa na minyoo. Lakini dawa iliyo karibu zaidi na mkono wake ni ivamektini, inayotumiwa kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo. Kwa kobe dawa hii ni sumu. Hupenya hadi kwenye mfumo wa neva, humpoozesha viungo na misuli ya kupumulia, na kumuua. Hakuna kipimo cha ivamektini kinachoweza kukadiriwa nyumbani kikawa salama kwake.

Hatari ya pili ni sindano ya vitamini A. Mtu akishasikia kwamba macho huvimba kwa upungufu wa vitamini hiyo, huenda akanunua chupa iliyotengenezwa kwa ajili ya ng'ombe na kumdunga kobe wa kilo mbili. Vitamini A ikizidi, ngozi ya shingo na miguu huwa nyekundu, hufura na kubanduka vipande vipande, ikiacha nyama wazi ambayo hushambuliwa na bakteria. Karotini iliyo katika majani haina hatari hiyo.

Hatari ya tatu ni dawa za matone za binadamu zenye steroidi. Dawa hizo hupunguza uvimbe upesi na kumfurahisha mwenye kobe, lakini penye kidonda kwenye kioo cha jicho hukifanya kidonda kichimbike zaidi. Steroidi humfaa tu mnyama ambaye jicho lake limechunguzwa.

Usafi na sheria

Kobe, hata akiwa mzima, huweza kubeba bakteria wa salmonela. Kwa sababu hiyo, mwaka 1975 Marekani ilipiga marufuku uuzaji wa kobe wadogo wenye gamba lisilofikia inchi nne, yaani sentimita 10 hivi, baada ya watoto wengi kuambukizwa. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kumshika, karai lake lisirudishwe jikoni, na watoto wachanga wasiachwe wamchezee.

Fauka ya hayo, kobe wa asili ya Kenya ni mnyamapori. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kumweka bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Anayemwokota kobe barabarani kwa huruma na kumpeleka nyumbani anaweza kujikuta mahakamani. Njia iliyonyooka ni kuwajulisha maafisa wa shirika hilo, ambalo husimamia hifadhi za Mlima Elgon na Saiwa karibu na Kitale. Kwa anayetaka kujifunza kuhusu watambaazi bila kuwafuga, yapo Makumbusho ya Kitale, yaliyochipuka kutokana na mkusanyiko wa Hugh Stoneham ulioanza mwaka 1926, na ambayo yalifunguliwa kama makumbusho ya taifa mwaka 1974.

Suala la lugha

Msomaji wa jarida hili huenda akauliza: haya yanamhusu nini mwanafunzi wa Kiswahili? Yanamhusu sana. Kikaratasi kinachoambatana na chupa ya dawa mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo, na orodha ya wanyama wasiopaswa kupewa dawa hiyo huwa mwishoni. Muuzaji na mnunuzi huzungumza Kiswahili na Lubukusu. Baina ya kikaratasi na mazungumzo hayo, onyo hupotea. Kobe hufa si kwa sababu maarifa hayapo, bali kwa sababu hayakuvuka kaunta.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Ibara ya 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Ibara ya 46 inampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike nayo kikamilifu. Ibara hizi mbili zikisomwa pamoja, zinazua swali zito: je, habari iliyo katika lugha asiyoielewa mnunuzi ni habari aliyopewa?

Kiswahili hakikosi maneno ya kazi hii. Kope, tezi, usaha, kamasi, figo, gamba na uvuguvugu ni maneno ya kawaida, na yametosha kueleza takriban kila kitu katika makala hii. Penye upungufu, kama katika majina ya dawa, lugha imekopa na kutohoa. Kinachohitaji uangalifu ni usahihi. Mathalani, neno kobe peke yake hutumiwa kwa wa nchi kavu na wa maji baridi, ilhali wa baharini ana jina lake, kasa. Kwa mtambaji wa ngano tofauti hiyo huenda isiwe na uzito. Kwa anayeandaa lishe, ina uzito mkubwa: mmoja hula nyasi, mwingine samaki, na ushauri wa mmoja humdhuru mwenzake.

Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba macho yaliyovimba na ukosefu wa hamu ya kula si maradhi yenyewe bali ni dalili, na kwamba chimbuko lake mara nyingi ni makao yenye baridi, lishe duni au maambukizi yaliyofuata mambo hayo mawili. Imesisitiza utaratibu wa joto, maji, usafi wa macho na hatimaye chakula, na imetahadharisha dhidi ya dawa za ng'ombe. Kinga ni bora kuliko tiba, na kwa kobe kinga hiyo haina gharama kubwa: jua, nyasi, karai la maji na jicho la mwangalizi.

Lililobaki ni la wenye lugha. Mwanafunzi wa Kiswahili anayeweza kuchambua taswira ya kobe katika ngano anaweza pia kuketi na daktari wa mifugo wa kaunti na kutafsiri maonyo ya dawa tano zinazonunuliwa zaidi, yakabandikwa ukutani dukani. Kazi hiyo haitachukua muhula mzima. Kobe hawezi kusema kinachomuuma. Anayeweza kumsemea ni yule mwenye maneno.